Mninga sio rangi

Haya, historia ya serikali kuhamia Dodoma tuiruke, wote mnajua tangu 2016 watu wamejenga huku kama wanakimbizwa na kila anaejenga anataka mlango wa mninga. Nianze na mlango, na nyie mlioshanisikia mvumilie, ntaurudia tena na tena mpaka niwaudhi mniondoe hapa mbele.

Kuna dada mmoja Ilazo aliniita mwezi wa nane, fundi njoo uone. Kalipia bei ya mninga, vanishi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ulivofungwa mwezi wa pili ulibana hata karatasi haipiti, sasa mi niko nje kibarazani naona taa ya jikoni kwake, pale paneli inapoingia kwenye fremu pameachia. Nikainama, chini kuna kaunga kalainii, nikafuta kanarudi. Nikachukua msasa nikakwangua vanishi kwa chini: nyeupe! Karibu nusu ya ubao ni ile nyeupe ya nje ya mti, imepigwa rangi ifanane na kiini, ile mbao ya ndani ya mti.

Hapo kuna mambo mawili jamani, msiyachanganye. Mninga uliokauka hausinyai sana, ndo sifa yake kubwa kuliko hata urembo, unapiga randa vizuri na mlango unakaa. Lakini ukifunga mbichi kipindi cha mvua, kwa hewa yetu hii inayopasua midomo kuanzia mwezi wa sita, utaachia tu. La pili, anaeshindana na mchwa ni kiini, ile nyeupe vidudu wanaila bila shida yoyote, ndo kale kaunga. Na rangi isikudanganye, kiini chenyewe kuna cha dhahabu, kuna cha kahawia, kuna chekundu, kwa hiyo mteja anaechagua kwa rangi anachagua staini, rangi ya kupaka.

Utaniambia mzee mteja hasubiri. Sawa, ila dada yule si kasubiri miezi sita na bado hana mlango? Panga mbao kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, chukua kipande kimoja kipime kwa mizani ya duka, wiki ijayo kipime tena, kikiacha kupungua uzito anza kazi. Mizani tu! Hamna mtu anafanya.

Na nyeupe inazidi kwasababu tunaletewa magogo membamba, kiini hakijajaa. Mninga mpaka uwe wa kupasua mbao ya maana ni kama miaka 80, wengine zaidi, sasa unaukata ungali kijana, unatoa utomvu mwekundu kama umechinja, unapata mbao za kupaka rangi.

Kuna mtu hapo anatikisa kichwa, najua swali lako, si tupande? Panda, ila usidhani ni mtiki unaokua haraka. Mche wa mninga kiangazi kile cha juu kinakufa, mzizi unabaki, mvua inatoa chipukizi, kiangazi kinakufa tena, miaka na miaka hivohivo mpaka mzizi uwe na nguvu ya kurusha shina, na moto ukipita kila mwaka ndo unazidi kuuchelewesha. Aliyechoma pori kule Manyoni anasema hakukuwa na miti, ni majani tu. Ilikuwepo! Ilikuwa chini.

Vibali naona muda umeisha, kwa kifupi gogo lisilogongwa nyundo ya alama ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na lisilo na hati ya kusafirishia usilishike, usije ukalala ndani kwa mbao ya mtu. Mkaa nilitaka kuusema pia, basi.

Nyie wa nyuma sogeeni, hii mbao hapa mezani nimeuziwa kama mninga jana, nani ana randa kali?