Ritifaa Iliyopotea: Majina Yetu ya Kwanza Mtandaoni

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Nina swali. Katika majina yote unayoitwa, ni lipi ulilojipa mwenyewe? Mimi jina langu nilipewa na saa. Kwetu Wajaluo, nilizaliwa jua likiwa kali, nikaitwa Ochieng'. Aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa asubuhi ni Okinyi. Jirani zetu Wabukusu, mtoto wa kiume wa msimu wa mvua humwita Wafula, na msichana wa mavuno Nekesa. La ubatizo nikapewa na padri, la ukoo na baba. Nilifikisha miaka 19 bila kujichagulia hata moja, hadi siku ile ya mwaka 2001 nilipoketi kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Kisumu kufungua baruapepe, kompyuta ikaniuliza nataka niitweje.

Nikaandika Ochieng'. Ikakataa. Nikaandika tena polepole, ikakataa. Mhudumu akaja, akainama juu ya bega langu, akafuta ile ritifaa ya mwisho, kialama kile kidogo cha juu. Kwenye jina, mashine ilipokea herufi, tarakimu na mstari wa chini, basi. Nanyi mnajua ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma. Jina nililopewa na jua lilikatwa mkia pale pale, tena kwa pesa yangu, maana tulilipa kwa dakika. Halafu, baada ya yote hayo, likaja jibu kwamba jina hilo limeshachukuliwa.

Sababu si ngumu. Jina la baruapepe ni kama namba ya sanduku la posta, haliwezi kuwa la watu wawili. Kijijini akina Ochieng' kumi tunatofautishwa kwa baba, kwa mlima, kwa kazi. Mashine ilijua njia moja tu ya kututofautisha, nayo ni kutubandika tarakimu.

Mwaka uliofuata nikaajiriwa hapo hapo, nikawa mimi ndiye ninayeinama juu ya mabega ya watu. Niliwafungulia wengi akaunti, na kila mmoja nilimuuliza swali lile lile: uitwe nani? Wapo wanaosema kwamba majina ya mtandaoni yalikuwa ya kujificha. Kwa niliyoyaona huku kwetu, nakataa. Watu walikuja kujionyesha.

Tena walikuwa na mazoezi ya miaka. Mwenye kujua usiku wa ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, anajua pakruok: mtu anasimama, anatoa pesa, muziki unatulizwa, naye anajitaja kwa majina ya sifa, ya kwao, ya rafiki zake, ya mpenzi wake. Ni majigambo ya kulipia. Na wapenzi wa salamu mnawakumbuka? Ulinunua kadi, ukaandika majina ya unaowasalimu, ukaituma redioni kwa posta, halafu ukangoja siku mtangazaji atakapoisoma. Mwisho wa kadi hukuweka jina la kitambulisho. Uliweka lile la salamu, ulilolitunga mwenyewe, na wasikilizaji wa wilaya za mbali wakakujua kwa hilo bila kukuona uso. Mtu wa namna hiyo alipoulizwa na kompyuta aitwe nani, jibu alikuwa nalo mdomoni.

Alikuja mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amekwenda Marekani kusoma. Alikuwa na kitambaa kichwani, na anwani ya kijana imeandikwa kwenye jalada la daftari la shule lililokunjwa mara nne. Nikamwambia, mama, nipe jina. Nilitarajia lile la kitambulisho. Akasema: "Andika Nyar Alego." Alikuwa ameolewa Kano zaidi ya miaka 20, na huko Kano hakuna aliyemwita vingine. Yeye ni binti wa Alego. Nikaunganisha maneno mawili kuwa moja kwa sababu nafasi haikuruhusiwa, nikaongeza mwaka wake wa kuzaliwa. Akaniomba nigeuze kioo kidogo ili alione vizuri. Akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akasema, "Hapo atajua ni mimi." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo ya kazi ya jina la mtandaoni.

Vijana walikuja na mapenzi yao. Mpira ulitangulia. Nwankwo Kanu alivaa jezi namba 25 pale Arsenal, kwa hiyo nikaona kanu25 za kila aina. Fikirieni mji huu wakati ule, mwaka wa uchaguzi wa 2002, mzee anamchungulia mwanawe na kuona KANU, chama tawala cha wakati ule, kwenye kioo! Nilishuhudia kijana akieleza kwa jasho kwamba huyu ni Mnigeria, si chama. Msichana aliyesomea Nakuru aliingia Machi 2003, wiki ile E-Sir alipofariki kwenye ajali ya gari akitoka Nakuru kuelekea Nairobi. Hakuwa na barua ya kusoma. Alitaka tu akaunti mpya yenye jina la msanii huyo ndani yake, akakaa dakika kumi akilitazama, akalipa, akatoka.

Na wenye 87. Nilidhani ni mwaka wa kuzaliwa, mpaka nilipomwona mwanamume mwenye mvi akiandika kogalo87. Huo ni mwaka ambao Gor Mahia, klabu ya mpira tunayoiita K'Ogalo, walitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Wakati tunafungua akaunti hizo, Gor walikuwa hawajachukua ligi tangu 1995, na wangesubiri hadi 2013. Watu walijipa tarakimu ya furaha yao wakati furaha yenyewe imeadimika. Hata hapo K'Ogalo alipoteza ritifaa yake.

Linaloniuma ni kwamba mengi ya majina hayo yamekufa. Sisi wahudumu ndio tuliochagua neno la siri, tukaliandika kwenye kikaratasi, kikaratasi kikafuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Yahoo, tulikofungulia akaunti hizo, nao hufuta akaunti isiyofunguliwa kwa mwaka mzima. Barua za mama na mwanawe zimepotelea humo.

Kwa hiyo kabla ya chai, kadi zinapita kwenye viti. Andika jina lako la kwanza la mtandaoni, ulipoketi, na uliyekuwa ukimpenda wakati huo. Nitazisoma hapa mbele kama salamu za redio. Ninayo tayari ya kwanza, imeandikwa kwa mkono unaotetemeka kidogo: "Nyar Alego, saiba ya kona, mwanangu."