Nani Atabeba Mzigo? Mhadhara kuhusu Maigizo ya Vita, Kariokor, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa Kariokor na Pumwani, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuacha mpira wa Jumamosi ili mje kunisikiliza, asanteni sana. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na nawaona wawili pale nyuma wameshaanza kutabasamu, naomba wanivumilie.

Nimetakiwa nisimulie safari yangu ya Isandlwana, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako watu hukusanyika mwezi wa Januari kuigiza vita vya tarehe 22 Januari 1879, siku ambayo jeshi la Wazulu lipatalo watu 20,000 liliivamia kambi ya Waingereza chini ya mlima ule na kuua zaidi ya watu 1,300. Sitawaficha kwamba nilifurahi. Wapiganaji waliposhuka mteremko wakigonga ngao zao, niliihisi ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyangu, na moshi wa baruti ulitanda hata macho yakawasha. Jamaa waliovaa makoti mekundu ya sufu katika jua lile walilowa jasho kabla hata mkuki haujawafikia. Kisha filimbi ikalia, maiti wote wakafufuka, wakajipangusa nyasi, na mmoja aliyechomwa mkuki mbele ya macho yangu akaja kuniomba kiberiti.

Nilimpa kiberiti, nami nikamwuliza swali langu: udibi wako wapi? Udibi walikuwa wavulana waliofuatana na jeshi la Wazulu, wakibeba mikeka ya kulalia na vyakula vya wakubwa wao. Yule bwana alivuta sigara yake, akanijibu kwa upole kwamba kila anayekuja pale anataka kushika mkuki au bunduki, na hajaona mtu wa kufunga safari ya mbali ili abebe mkeka.

Jibu hilo nimelichukua hadi Nairobi, kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaotaka maigizo kama hayo yafanyike Salaita, kule karibu na Taveta. Vita vya Salaita mnavijua: tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya Waingereza ilitwanga kilele cha kilima ilhali mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, na wanajeshi wa Afrika Kusini waliotumwa mbele wakarudishwa mbio, huku Wabaluchi wa jeshi la India wakisimama imara kuwakinga waliokuwa wakikimbia. Ni kisa kitamu kuigiza, na nina hakika tutapata vijana wa kuwa Wajerumani, wa kuwa Waafrika Kusini, na hata wa kuwa mzinga. Nauliza tu: nani atabeba mzigo?

Mtaniambia kwamba wapagazi hawakupigana, na maigizo ya vita ni ya wapiganaji. Ndugu zangu, mtaa huu mliouingia leo jina lake ni nini? Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama ilivyotamkwa na wenyewe, na Dar es Salaam wakasema Kariakoo. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, ikabaki shingo ya mwanadamu. Wengi waliandikishwa kwa nguvu. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usioiva vizuri kwa kukosa muda na kuni. Pale Salaita, Waafrika Kusini waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka walizidi kidogo 130. Sasa niambieni vita vilikuwa wapi.

Ili nisionekane mtu wa maneno matupu, mwaka jana niliwachukua wanafunzi wanane tukafanya maigizo yetu, bila baruti. Tulinunua pakiti 12 za unga za kilo mbili mbili, zikiwa zimefungwa pamoja kama zinavyofika dukani. Hizo ni kilo 24, karibu sawa na mzigo wa mpagazi mmoja. Tukaondoka soko la Kariokor, tukafuata Racecourse Road hadi Ronald Ngala, tukielekea kwenye zile sanamu za Kenyatta Avenue. Kijana wa kwanza, mchezaji wa raga mwenye mabega kama mlango, aliukataa ushauri wangu wa kutumia ngata, akauweka mzigo kichwani hivi hivi, na kabla hatujaimaliza Racecourse Road alikuwa ameugeuza mara nne na kuanza kuniuliza saa. Aliyemaliza kipande kirefu kuliko wote ni msichana mwembamba aliyelelewa kwa nyanya yake Murang'a, ambaye aliomba kamba, akaipitisha kwenye paji la uso, akainama na kwenda kimya. Mwenye mkokoteni mmoja alitufuata hadi Tom Mboya akitusihi tumpe kazi hiyo kwa shilingi mia, na alipoelezwa kwamba tunajifunza historia, alitutazama kwa huruma.

Tulipofika kwenye sanamu nilimwambia yule wa raga asome. Zilisimamishwa 1928, mmoja wa wale watu watatu wa shaba ni mpagazi, na maandishi yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, tena kwamba anayekufa akiipigania nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Kijana alilizunguka jiwe lote akitafuta hayo majina. Hakuna hata moja. Alirudi akaketi juu ya unga wetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na hoja kuhusu mavazi, na nyingine kuhusu kibali cha polisi cha kufyatua baruti, ambayo ni ndefu na haichekeshi, kwa hiyo naziacha. Kwa wanaosema kuigiza vita hivyo ni kuutukuza ukoloni, nasema hivi: inategemea nani yuko mbele. Wapagazi 20 wakitangulia uwanjani, wakapita polepole kwa nusu saa nzima mbele ya watazamaji wanaopigwa na jua kabla ya mzinga wa kwanza kulia, sioni mkoloni atatukuzwa vipi. Watazamaji watachoka, mnasema. Ndiyo, na wachoke.

Mzigo wenyewe nimekuja nao, uko pale mlangoni, na ngata iko juu yake. Anayedhani natia chumvi aubebe hadi getini na kurudi kabla chai haijapoa.