Jeraha Lisilostaafu

SALIM: Karibuni tena, wa Kisauni, wa Likoni na mlio mbali. Leo ni majeraha ya vita yasiyokubali kufunga. Bi Mwanaidi, tuanze na Chamberlain.

MWANAIDI: Joshua Chamberlain, afisa wa jeshi la Muungano, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Juni 1864, huko Petersburg, risasi ilimpenya nyonga hadi nyonga, ikararua kibofu na njia ya mkojo. Walimhesabu maiti. Akapona, akawa gavana wa jimbo la Maine, lakini alibaki na fistula, yaani tundu lisilofunga linalovuja mkojo, na maambukizi hayakumwacha. Alifariki Februari 1914, kwa matatizo ya jeraha lile lile.

SALIM: Karibu miaka hamsini!

MWANAIDI: Kwake ilikuwa mkojo. Kwa wengi ni mfupa. Risasi ikivunja mfupa huingia na udongo na nyuzi za sare. Kipande kikikosa damu kinakufa, na vijidudu vinajichimbia humo. Sasa, dawa husafiri kwa damu, na pale damu haifiki. Mzee anameza antibayotiki, usaha unakauka, nyumba nzima inashukuru, kisha tundu linafunguka palepale.

SALIM: Naye anarudi dukani kununua dozi nyingine.

MWANAIDI: Pesa za bure hizo. Mfupa mfu utolewe kwa upasuaji, vijidudu kutoka sampuli ya mfupa wenyewe vioteshwe maabara, ndipo ipatikane dawa yao, mara nyingi ya wiki sita hivi. Usaha wa juu hudanganya, umechanganyika na vijidudu vya ngozi. Na kwa joto letu la kaskazi, bandeji ikilowa jasho ibadilishwe, isingoje kesho.

SALIM: Na tundu lililotulia miaka ishirini, halimsumbui mtu?

MWANAIDI: Hilo ndilo naliogopa mimi. Kidonda cha miongo kadhaa chaweza kugeuka saratani ya ngozi. Kingo zinainuka na kuwa ngumu, damu inatoka kwa kuguswa tu, harufu inabadilika, maumivu mapya yanaingia. Hapo kikatwe kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, tena kwenye kingo, sehemu kadhaa, si katikati tu palipooza.

SALIM: Haya, na vyuma vilivyobaki mwilini?

MWANAIDI: Vingi huachwa, kuvifukua kwaweza kuharibu zaidi. Ila risasi iliyokwama ndani ya goti ni jambo jingine. Ute wa kiungo huyeyusha pole pole ledi, ile metali yenye sumu iliyo kwenye risasi, ikaingia damuni. Mzee analalamikia tumbo, uchovu, upungufu wa damu, na goti hakuna anayelifikiria. Apimwe ledi katika damu.

SALIM: Na MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, je?

MWANAIDI: Vipande vya bomu mara nyingi ni chuma, na mashine ile ni sumaku kubwa. Kikiwa jichoni au kando ya mshipa mkubwa, kikisogea ni balaa. Fundi aambiwe mapema, eksirei itangulie.

SALIM: Wazee wengine husahau, wengine hawataki kulitaja.

MWANAIDI: Basi aseme anayemsindikiza, kabla mzee hajavua viatu.