Supermoto Mpya, na kwa Nini Zinanikumbusha Barabara za Nairobi

Hamjambo, ndugu zangu wa Nairobi na wapenzi wote wa pikipiki mnaonitazama kutoka nyumbani. Ninazungumza nanyi kutoka Milano, Italia, mji ambao kila Novemba huwa mwenyeji wa EICMA, onyesho la pikipiki lililoanza mwaka 1914. Leo sitazungumzia kodi ya nyumba wala baridi ya huku. Nataka tuzungumze kuhusu pikipiki zilizoonyeshwa Novemba 2024 na zilizotarajiwa kuingia madukani mwaka 2025, kwa sababu kila niliposimama mbele ya mojawapo nilijiuliza ingeendaje Outering Road.

Nianze na supermoto, ambazo kwa maoni yangu zinaifaa Nairobi kuliko aina nyingine yoyote ya pikipiki ya starehe. Chukua pikipiki ya motokrosi, kama zile zinazoruka vilima vya udongo pale Jamhuri Park, uivue magurudumu yake makubwa ya spoku, uivalishe rimu za inchi 17 zenye tairi pana za lami, kisha uiongezee diski kubwa ya breki mbele, na hapo umepata supermoto. Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani mwaka 1979, kituo cha televisheni cha ABC kilipowakutanisha waendeshaji wa motokrosi, wa lami na wa mizunguko ya udongo katika uwanja wa Carlsbad, California, ili ijulikane nani mkali kuliko wote. Wamarekani walipouacha mchezo huo katika miaka ya themanini, watu wa Ulaya, hasa Wafaransa, waliudaka na kuukuza.

Pikipiki iliyonishika zaidi ni Suzuki DR-Z4SM. Inamrithi DR-Z400SM, iliyotoka mwaka 2005 na kuuzwa kwa karibu miaka ishirini bila mabadiliko makubwa, na wanaoifahamu wanajua kwamba injini yake ilisifika kwa kuvumilia mateso. Hii mpya ina injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 398, nguvu za farasi zipatazo 38, na uzito wa kilo 154. Niliipanda pale ukumbini. Kiti chake kipo milimita 890 kutoka ardhini, hivyo miguu yangu yote miwili ilifika chini kwa vidole tu. Nilipoushika usukani, nikabana breki ya mbele na kuisukuma chini kwa uzito wangu wote, shokomzoba za mbele zilizama taratibu, zikarudi juu mara moja na kutulia bila kurukaruka. Mwendo wa shokomzoba hizo ni milimita 260. Yeyote aliyewahi kukutana usiku na tuta lisilopakwa rangi, au shimo lililofunikwa na maji ya mvua ya Aprili, anaelewa maana ya nafasi hiyo.

Kuna jambo la kiufundi linalowahusu nyinyi kuliko linavyowahusu watu wa Milano. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ikirekebishwa kwa ajili ya miji ya pwani haijui hilo. Huendelea kumwaga petroli ileile katika hewa pungufu, na matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi, na injini inayovuta kwa uvivu hadi fundi abadilishe jeti, yaani kijitundu kinachopima petroli. DR-Z400SM ya zamani ilitumia kabureta. Hii mpya inapuliza petroli kwa mfumo wa kielektroniki unaosoma hali ya hewa na kujirekebisha wenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kutoka Nairobi, akateremka Mai Mahiu hadi kwenye joto la Bonde la Ufa, na kupanda tena bila kugusa bisibisi. Breki zake zina ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapobana breki kwa nguvu, na ya gurudumu la nyuma inaweza kuzimwa kwa anayetaka kulitelezesha katika kona uwanjani. Ya mbele haizimwi, na mimi naunga mkono uamuzi huo kabisa.

Nasisitiza kwamba hizi ni pikipiki halali za barabarani tangu kiwandani. Wapo wanaonunua pikipiki ya mashindano, wakaifunga taa na kioo, wakaamini kwamba wamepata supermoto ya mjini. Injini ya mashindano hubadilishiwa oili kwa kuhesabu saa za kazi, ilhali ya barabarani huhesabiwa kwa maelfu ya kilomita, na tofauti hiyo utaihisi mfukoni kila mwezi.

Mpinzani wa karibu wa DR-Z4SM ni 390 SMC R ya kampuni ya KTM ya Austria, yenye nguvu za farasi 44 na kiti kilicho chini kidogo, milimita 860. Hapa pana uhusiano ambao Wakenya wengi hawaufahamu. Kampuni ya Bajaj ya India, ileile inayotuundia pikipiki za Boxer zinazobeba nusu ya jiji kila asubuhi, imekuwa mwanahisa wa KTM tangu mwaka 2007, na pikipiki ndogo za KTM huundwa katika kiwanda chake cha Chakan, karibu na Pune. Novemba hiyohiyo ya maonyesho, KTM ilikimbilia mahakamani Austria kwa sababu ya madeni, jambo lililonihuzunisha sana. Kwa mnunuzi wa Nairobi, swali la spea lilipata uzito kuliko nguvu za farasi, na ningemshauri azungumze kwanza na wauzaji wa spea wa Kirinyaga Road kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa upande wa pikipiki za kasi, furaha yangu ni Yamaha R9. Baada ya mwaka 2020 Yamaha iliacha kuiuza R6, pikipiki yake nyingine ya kasi, Ulaya kama pikipiki ya barabarani, kwa kuwa viwango vya moshi vilikuwa vimekazwa, na sisi tulioipenda tulibaki tukiitazama viwanjani tu. R9 inaliziba pengo hilo kwa injini ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 890, ambayo haihitaji kupigishwa kelele ili ivute. Ni nzuri mno, na Thika Road ya Jumapili alfajiri ingeifurahia. Hata hivyo, katika foleni ya Jogoo Road, ukiwa umeinama juu ya tangi huku joto la injini likikupanda mapajani, ungeitamani supermoto, ile ndefu nyembamba inayokuwezesha kuona mbele juu ya paa za magari madogo.

Nimeshaandikisha jina langu kwa muuzaji wa hapa ili niijaribu DR-Z4SM. Tangi lake ni la lita 8.7 tu, kwa hiyo nitalijaza hadi juu, niendeshe barabara za mawe za mji wa zamani na milima ya karibu, kisha niwaonyeshe kituo cha mafuta nitakapolazimika kusimama na kilomita zitakazokuwa zimeandikwa kwenye dashibodi.