Kurasa 42 za Penseli: Kitabu cha Mwisho cha Tintin

Mhadhara uliotolewa Ngomeni, Lamu

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, walimu, mabibi na mabwana, assalaamu alaykum.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kitabu kimoja cha vibonzo, nami najua wamo ukumbini humu waliokuja kwa heshima tu ya aliyewaalika, kwa kuwa kwao vibonzo ni mambo ya watoto. Sitabishana nao mapema. Ninachodai jioni hii ni kwamba kitabu cha mwisho cha Tintin, ambacho mchoraji wake alifariki kabla ya kukimaliza, hakifai kumaliziwa na mtu mwingine kwa njia ya kumwiga, na kwamba hoja ya kukataa imo ndani ya hadithi yenyewe, kabla hatujafika kwenye sheria wala wosia.

Kwa wasiomjua, Tintin ni kijana mwanahabari aliyebuniwa na Mbelgiji Georges Remi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Hergé. Alijitokeza kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, akiwa na mbwa wake mweupe, na kuanzia hapo hadi mwaka 1976 vikawa vimetoka vitabu 23 vilivyokamilika. Kapteni Haddock, baharia mwenye matusi yasiyokuwa na mfano, alijiunga naye katika miaka ya vita; Profesa Calculus, asiyesikia vizuri na asiyekubali kwamba hasikii, akafuatia. Sisi wa huku tulivipata vitabu hivyo kwa Kiingereza, vingi vikiwa vimeachwa na wageni waliofikia Shela, vikapita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka, na mara nyingine mtu alilazimika kumuuliza mwenzake hadithi iliishaje kwa sababu karatasi ya mwisho ilikwisha kufungiwa njugu.

Mapenzi hayo hayakutupofusha. Hadithi ya Kongo, ambayo Hergé aliichora mwaka 1930 na 1931, inawaonyesha Waafrika kwa dharau isiyoweza kutetewa, na alipoichora upya mwaka 1946 aliliondoa somo ambamo Tintin aliwaambia watoto wa Kiafrika kuwa nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu mahali pake, lakini nyuso zile zikabaki jinsi zilivyokuwa. Mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu mahujaji Waafrika wanaopakiwa melini kuelekea Makka, wasijue kwamba wenye meli wamekusudia kuwauza utumwani. Humo kuna jahazi linaloshambuliwa na ndege, na kuna Haddock akihangaika kuwaeleza mahujaji kinachowangoja. Msomaji wa pwani hii hawezi kukipitia kitabu hicho akiwa ametulia, kwa maana historia ya bahari hiyo ni yake. Aliyekiandika alikuwa amekua kuliko yule wa Kongo, ingawa usemi aliowapa mahujaji bado ulilalamikiwa hata akaurekebisha baadaye. Nayataja haya ili ijulikane kwamba sikuja kumsifu mtu asiye na ila. Turudi kwenye kitabu cha mwisho.

Au tuseme vitabu viwili vya mwisho, kwa sababu wako mashabiki, na hoja yao si dhaifu, wanaosema kwamba mwisho wa kweli ni kitabu cha 23, Tintin and the Picaros. Humo Tintin anamsaidia rafiki yake wa zamani, Jenerali Alcazar, kumpindua Jenerali Tapioca katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini. Mapema kitabuni tunaonyeshwa mtaa wa mabanda: askari wawili wanatembea na virungu katikati ya takataka, na bango linamtakia Tapioca maisha marefu. Mapinduzi yanafaulu bila damu kumwagika, marafiki wanaokolewa, ndege inaondoka. Katika ukurasa wa mwisho kabisa tunauona tena mtaa ule ule, na takataka zile zile, na askari wawili wakipita, sare tu zimebadilika. Bango sasa linamtakia maisha marefu Alcazar. Hakuna mhusika anayesema neno juu ya mchoro huo. Tintin hauoni, yuko angani anarudi kwao. Nadhani mimi sihitaji kuwaeleza wapiga kura wa Kenya mchoro huo unazungumzia nini.

Kama Hergé angeishia hapo, tungesema amefunga kazi yake kwa uchungu na kwa ukweli. Lakini hakuishia hapo. Alianza kitabu cha 24, Tintin and Alph-Art, akakifanyia kazi kwa vipindi huku afya yake ikidhoofika, na alipofariki tarehe 3 Machi 1983 alikuwa ameacha kurasa 42 zilizopangiliwa kwa penseli na kalamu, pamoja na makaratasi mengine yenye mawazo yanayopingana. Kitabu chake cha kawaida kina kurasa 62. Mwaka 1986 michoro hiyo ilichapishwa jinsi ilivyo, maneno yake yakipigwa chapa kando ili yasomeke.

Hadithi inahusu biashara ya sanaa. Haddock, akimkimbia mwimbaji Bianca Castafiore aliyemwona barabarani, anajitosa ndani ya jumba moja la sanaa, na kwa aibu ya kutojua la kusema anatoka amenunua herufi H kubwa ya plastiki angavu, kazi ya msanii anayechonga herufi tu. Basi linakuwa jambo la kuchekesha kumwona baharia yule mkali akijitahidi kuwaeleza wenzake kwamba ile H haina kazi yoyote, ni sanaa. Kisha mwenye jumba lile, ambaye alitaka kuonana na Tintin, anakufa garini katika ajali isiyokuwa ajali. Msaidizi wake amevaa kidani alichopewa zawadi, na ndani ya kidani mmefichwa kinasa sauti. Nyuzi zote zinaelekea kwa bwana mmoja anayeitwa Endaddine Akass, mwenye kujidai ana nguvu za ajabu, ambaye Castafiore na matajiri wengine wanamwamini kabisa. (Watu wa aina hiyo huku kwetu nao hawakosi wateja, na wateja wenyewe si maskini peke yao.)

Tintin anamfuata hadi katika nyumba yake ya fahari kisiwani Ischia, Italia. Usiku anaamka, anazunguka, anakuta chumba kimejaa picha za wachoraji wakubwa wa Ulaya: Picasso, Léger, Renoir, Gauguin. Zote za kughushi. Akass anawatumia wachoraji hodari kuiga mikono ya mabingwa, na wataalamu wa sanaa wanatishwa ili wazipe picha hizo vyeti vya uhalali. Tintin anakamatwa. Akass anamweleza bila haraka adhabu aliyomchagulia: atamiminiwa poliesta, yaani plastiki ya majimaji, mwili mzima, igande, awe sanamu, sanamu ipewe cheti kwamba ni kazi ya César, mchongaji wa kweli kabisa wa Ufaransa aliyesifika kwa kazi za aina hiyo, kisha iuzwe kwa jumba la makumbusho au kwa tajiri. Katika ukurasa wa 42 Tintin anaamriwa asimame atembee, nyuma yake kuna mtu mwenye silaha. Hapo ndipo michoro inapokatika.

Nawaomba mnivumilie nikae kidogo kwenye sura ya kurasa hizo, kwa kuwa anayezisikia tu hawezi kuelewa kwa nini baadhi yetu tunazipenda kuliko vitabu vilivyokamilika. Hergé alisifika kwa mstari safi: wino wa unene mmoja, rangi tulivu bila vivuli vizito, kila kitu wazi mbele ya macho. Msomaji wa vitabu vile haoni kazi, anaona matokeo. Katika Alph-Art mstari huo bado haujapatikana. Shavu la Haddock limechorwa mara nne au tano, penseli ikitafuta juu ya penseli, na mstari ambao ungechaguliwa umo mle mle, haujatengwa na wenzake. Kurasa za mwanzo zina samani, madirisha na nyuso kamili. Kadiri unavyosonga mbele vitu vinapungua, Tintin anabaki duara lenye vitone viwili vya macho, chumba kinabaki mistari miwili ya pembe. Maneno nayo yameandikwa kwa mkono wa haraka. Hata hivyo unacheka pale pa kuchekesha na unaogopa pale pa kuogofya, na ndipo unapotambua kwamba ustadi wa mtu huyu ulikuwa kwanza katika kupanga: nani asimame wapi, aelekee upande gani, kisanduku kikatwe lini. Kwa mtu anayetaka kujifunza kuchora hadithi, kitabu hiki kina faida kuliko vile 23, na vijana watatu wanne niliowaona wakikinakili hapa mjini wamejifunza mpangilio wa ukurasa kwa haraka kuliko walipokuwa wakinakili vya rangi.

Sasa suala la kumalizia. Bob de Moor, aliyekuwa msaidizi wa Hergé kwa miaka mingi na aliyeujua mkono wake kuliko yeyote, alitamani kukikamilisha. Mjane, Fanny, baada ya kutafakari akakataa, kwa kuwa mumewe alikwisha kusema wazi kwamba baada yake kusiwe na Tintin mwingine. Tangu hapo wako waliokimalizia bila idhini. Anayejulikana zaidi ni Yves Rodier wa Kanada, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa toleo zima la wino, Tintin akaokoka. Nimeliona. Ni kazi ya kijana mwenye kipaji na mwenye mapenzi, na mstari wake unakaribia wa bwana kiasi cha kukusahaulisha.

Na hapo ndipo ninapokataa. Hiki ni kitabu kuhusu watu hodari wanaoiga mikono ya mabingwa waliokufa hadi mnunuzi asiweze kutofautisha. Hiki ni kitabu ambamo muovu anataka kumgandisha Tintin awe kitu cha kuuzwa, chenye saini ya mtu ambaye hakukifanya. Anayekichukua kitabu hicho, akazifuta penseli, akaweka wino wa kuiga, amekwenda kukaa kwenye meza ya Akass bila kuitwa. Simwiti mwizi, wengi wao hawakutaka hata senti. Nasema tu kwamba katika vitabu vyote 24, hiki ndicho pekee ambacho hadithi yake inamkana mwigaji, na msomaji mwangalifu angepaswa kuisikia.

Mtaniuliza, je, ina maana kazi ya marehemu haiguswi? La, na watu wa Lamu hawawezi kusema hivyo. Sisi tuna takhmisi. Mshairi huyachukua maneno ya aliyemtangulia, akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe, kisha akayaacha ya asili yafunge ubeti, hayakupunguzwa wala kubadilishwa. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Inkishafi, ilitungwa hivyo, na anayeisikia ikisomwa anajua ni wapi Sayyid anamaliza na ni wapi Liyongo anaanza. Hapana aliyedanganywa. Wa pili amejionyesha kuwa ni wa pili, na kwa kujionyesha hivyo ameweza kuthubutu mengi ambayo mwigaji hathubutu, kwani mwigaji amejifunga kusema tu yale ambayo marehemu angeyasema.

Suala hili si la nadharia. Katika nchi nyingi za Ulaya haki za Hergé zitakwisha miaka 70 baada ya kifo chake, yaani kazi zake zitakuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2054. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtungaji. Alifariki 1983. Kwa hesabu hiyo, hapa kwetu michoro yake itakuwa huru kuanzia mwaka 2034, miaka 20 kabla ya kwao. Tafsiri za Kiingereza zina haki zake mbali, na jina la Tintin kama alama ya biashara ni jambo jingine ambalo mawakili watalisema, kwa hiyo asitoke mtu hapa akaanza kuchapisha fulana. Lakini vijana wanaochora sasa watakuwa bado vijana mwaka huo, na sina shaka mmoja wao atazitamani zile kurasa 20 zilizobaki.

Huyo ningemwomba aziache kurasa 42 na penseli zake zote, shavu la Haddock na mistari yake mitano, kisha aweke kurasa zake kando kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili, na jina lake liwe juu ya jalada chini ya lile la Hergé. Ischia ni kisiwa. Mtu wa kisiwani atajua namna ya kumtoa mfungwa pwani usiku bila taa. Akipenda, amlete Haddock kwa jahazi, na safari hii mahujaji wawe ndio wanaoshika usukani. Nakala ya kwanza nitainunua mimi, kwa bei yoyote atakayosema, mradi isiwe bei ya Akass.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, natumai muda wa maswali bado upo, na naona mzee kule nyuma amekwisha nyoosha mkono tangu nilipotaja takhmisi.