Plaketi za freni kwa mji wa miteremko

Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya madereva wa taksi, mafundi na wenye magari

Ndugu madereva, mafundi, na nyinyi mama zetu ambao gari ni lenu na dereva ni wa kuajiriwa, aksanti kwa kufika. Nimeombwa niseme juu ya plaketi za freni, zile ambazo jirani zetu wa Tanzania wanaziita pedi za breki: namna ya kuzichagua za zamani zinapoisha. Kila siku kwenye maduka ya piesi mteja anauliza, "Hii itadumu miezi mingapi?" Muuzaji anajibu, "Hii ni ngumu, papa, utaisahau." Mteja anafurahi, analipa, anaenda.

Mimi ningetaka aulize kitu kingine: ikisha kupata moto, itashika bado? Anayeishi mahali tambarare anaweza kufa mzee bila kuuliza hivyo. Sisi tunashuka kutoka Kadutu kuja Nyawera, tunashuka Nguba kwenda mpaka wa Ruzizi, na wengine wenu mnashuka hadi Uvira na abiria pamoja na magunia.

Mnivumilie na hesabu kidogo. Freni inageuza mwendo wa gari kuwa joto. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Gari la tani moja na nusu likikimbia kilomita 80 kwa saa, ukilisimamisha kabisa, plaketi na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na plaketi, zinapokea joto la kilojuli 370 hivi. Likiwa kwenye 40 joto hilo haliwi nusu, linakuwa robo. Sasa angalieni mteremko. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika, pale Uvira, liko mita 773. Gari lile lile likitoka ziwa moja hadi jingine linamwaga kilojuli elfu kumi, sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 mara 27. Upepo, matairi na injini vinabeba sehemu. Inayobaki ni ya freni, na nyingi inatoka kwa muda mfupi kwenye kona za Ngomo. Hata wale wanaozungukia upande wa Rwanda hadi Bugarama hawaikimbii hesabu hii, kwa sababu maziwa hayakusogea.

Joto likizidi, mambo mawili tofauti yanaweza kutokea, na nimesikia madereva wengi wakiyachanganya. Sikilizeni mguu wenu.

La kwanza: unakanyaga, pedale ni ngumu, imesimama juu vizuri, lakini gari linaendelea kwenda. Hiyo ni plaketi. Plaketi ni unga wa vitu vingi, nyuzi, chuma, grafiti, uliofungwa pamoja kwa resini. Resini ikipikwa kupita kiasi inatoa gesi, gesi inaingia kati ya plaketi na diski, na plaketi inateleza juu yake. Ile harufu kali inayowafanya abiria wafunge vioo ni resini inaungua.

La pili: unakanyaga, pedale inazama hadi chini kama haina kitu. Mkiwa mteremkoni na freni za moto, hiyo mara nyingi ni likidi, yale mafuta ya freni yanayopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye plaketi, imechemka, povu limeingia kwenye mabomba, na povu halisukumi kitu. Likidi ya daraja la DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini inanyonya maji ya hewani, na hapa kwetu mvua haina likizo ndefu. Ikisha kunywa maji, kipimo kinachokubaliwa kinashuka hadi 155. Kwa hiyo anayefunga plaketi nzuri na kuacha likidi nyeusi ya miaka minne amelipia nusu ya freni. Ibadilisheni kila baada ya miaka miwili hivi, na ifunguliwe kutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa, siyo ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya garaji.

Sasa, plaketi yenyewe imetengenezwa na nini? Kazi hii ilianzia mlimani. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood, kwenye vilima vya Derbyshire, aliona wakulima wakipigilia viatu vya zamani kwenye freni za mikokoteni yao ili ishike wakishuka. Akatafuta kitu bora kuliko kiatu, na kampuni yake, Ferodo, jina lake lingali kwenye maboksi hadi leo. Baadaye wote waliingia kwenye amianti, yaani asbesto, kwa sababu inavumilia moto na bei yake ni ndogo, mpaka ilipojulikana kwamba vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997. Kwenye plaketi isiyo na jina wala alama, hakuna mtu dukani anayeweza kukuambia kama amianti imo au haimo. Kwa hiyo nyinyi vijana wa garaji, mkitoa gurudumu msipulize vumbi lile kwa mdomo, wala kwa kompresa. Lowesheni kitambaa, pangusa, kitupe. Sitaki kumwona mtu analikung'uta kwenye suruali.

Leo sokoni kuna aina tatu. Za organiki ni laini, hazipigi kelele, hazili diski, lakini ndizo zinazochoka upesi kwa joto. Zenye chuma kingi zinavumilia moto na mzigo. Asubuhi zikiwa baridi zinashika kwa uvivu kidogo, zinalia, zinakula diski. Za seramiki ni kimya, vumbi lake ni dogo, bei iko juu. Kwa gari dogo linalozunguka Ibanda na kubeba watoto wa shule, organiki nzuri au seramiki inatosha. Kwa taksi inayojaa kutwa nzima, au jipu la Uvira, mimi ningechukua ya chuma kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na kelele yake ningeivumilia. Watu wanarudisha plaketi dukani kwa sababu inalia! Sijaona aliyeirudisha kwa sababu inanyamaza na haishiki.

Juu ya ugumu: plaketi isiyoisha inapeleka uchakavu mahali pengine, kwenye diski, au haishiki vya kutosha. Diski ni ghali kuliko plaketi.

Tuje dukani. Pindueni plaketi mtazame mgongo na ukingo. Mara nyingi utakuta mstari wa herufi na namba, na mwishoni herufi mbili zilizoshikana: EE, FE, FF, GG. Ya kwanza inasema inashikaje ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa ya moto. Ushikaji huo unapimwa kwa namba, na ikiwa kubwa inashika zaidi: E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Kwa Bukavu tazameni zaidi ya pili: FE inashuka ikipata moto, iacheni hapo hapo. FF inabaki kwenye daraja lake. Herufi hizi zinapimwa kwenye kipande kidogo maabara, hazikuhakikishii ubora wote, lakini ni kitu kilichoandikwa, na maneno ya muuzaji hayakuandikwa popote.

Zilizopimwa kwa kanuni ya Ulaya zina E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, na kando yake namba inayoanza na 90R. Maana yake ushikaji wake hauachani na wa plaketi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15, na boksi linapaswa kuwa limefungwa hivi kwamba likifunguliwa linaonekana. Zile za soko la Marekani zinaweza kuwa na A, B au N ukingoni. N ni ile yenye shaba chini ya nusu asilimia, kwa sababu California ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba inayotoka kwenye freni na kuingia mitoni kuua samaki. Wenzetu wa Lubumbashi, mji wa shaba, msinikasirikie.

Anayeiga boksi anaiga na alama, najua. Ndiyo maana mikono lazima ifanye kazi. Hii niliyoshika, tazameni: nakata kwa ukucha pale ambapo nyama ya plaketi inakutana na bamba la chuma. Ukucha haupaswi kuingia. Ukiingia, au ukiona mstari wa kutu umeinua nyama, siku moja nyama itabaki barabarani na bamba litabaki kwenye gari. Weka mbili za boksi moja uso kwa uso, tazama kwenye mwanga: ziwe na unene uleule. Angalia matundu na masikio ya bamba kama yamekatwa safi. Plaketi inayohitaji kusuguliwa kwa limu, yaani tupa, ili iingie kwenye kaliperi, ule mkono unaoibana kwenye diski, si ya gari lako.

Na msiseme tu "RAV4". RAV4 ziko nyingi. Nendeni na namba ya shasi, au na plaketi ya zamani mkononi. Kwa Toyota, namba ya piesi inayoanza na 04465 ni plaketi za mbele, 04466 ni za nyuma, 04495 ni segmenti za tamburi, yaani viatu vya freni ya ngoma. Muuzaji akikupa 04466 kwa gari lako la mbele diski nyuma tamburi, mrudishie kwa heshima.

Maswali.

Mama anauliza kama anaweza kubadilisha upande mmoja tu ulioisha. Hapana, mama. Kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja, na kwenye kona zetu upande huo unaweza kuwa bonde. Ila ukikuta upande mmoja umeisha kabla ya mwingine, muulize fundi kama pini za kaliperi zimekwama. Zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira.

Ni wakati gani wa kubadilisha? Nyama ikibaki milimita 3. Diski nayo ina unene wa mwisho, umechongwa juu yake, ipimeni.

Kijana anauliza juu ya kubandika upya kwa gundi. Segmenti za kamyo zinapigiliwa nyama mpya kwa riveti, kazi hiyo ipo na inakubalika ikifanywa na anayeijua. Plaketi ya diski kubandikwa kwa gundi ya duka, usikubali hata bure.

La mwisho: kufunga leo jioni na kushuka Uvira kesho alfajiri. Usifanye hivyo. Plaketi mpya na diski hazijazoeana. Tafuta barabara iliyonyooka, ya Kavumu inafaa asubuhi mapema. Nenda 50, punguza taratibu hadi 10, acha hewa ipite, rudia mara kumi bila kusimama kabisa. Kisha kilomita 200 za mwendo wa upole mjini ndipo mteremko mrefu. Na ukimaliza zile mara kumi usisimame ukiwa umekanyaga pedale. Endelea kuzunguka hadi zipoe.