Kujitolea Kilimanjaro Baada ya Moto: Tusikimbilie Miche

REHEMA: Karibuni wapenzi wasikilizaji. Kaka Elia, tangu tutangaze mada hii, meseji zinaingia mfululizo na swali ni moja: tulete miche mingapi ya kupanda mlimani palipoungua?

ELIA: Tuanzie hapohapo, dada Rehema. Nia ni njema, ila kule juu, penye ukanda wa erika, ile miti na vichaka vyenye vijani vidogo vinavyoota juu ya msitu mnene, mche si kitu cha kwanza. Pengine hauhitajiki kabisa.

REHEMA: Hebu wakumbushe waliosahau mambo ya 2020.

ELIA: Jumapili, tarehe 11 Oktoba. Moto ulianzia Whona, njia ya Marangu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, walieleza kuwa wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Vuli ilikuwa haijaanza, vichaka vikavu, upepo mkali. Zikateketea kilomita za mraba 95.5.

REHEMA: Na watu walipanda kuuzima! Askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanakijiji wenye mapanga, wanaupiga moto kwa matawi mabichi. Mimi ile picha inanigusa mpaka leo.

ELIA: Hata mimi. Sasa, moto ukishapita, ukifika pale usitazame kilele. Inama. Kwenye kisiki cheusi cha erika utaona vichipukizi vya kijani vimetoka shinani. Erika ni mti unaohimili moto. Ukija na jembe na shauku yako, unavikanyaga hivyohivyo ulivyokuja kuviokoa.

REHEMA: Atatokea mtu aseme, basi mlima unajiponya, tukae nyumbani.

ELIA: Aa, hapana! Moto ukirudi kila baada ya muda mfupi, erika inabaki kichaka, haifiki kuwa mti. Na Oktoba 2022 si uliwaka tena, karibu na kambi ya Karanga? Hasara yenyewe ni maji. Erika iliyokomaa, na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, hunasa ukungu siku nzima. Matone yanashuka ardhini. Tunalilia theluji ya kileleni, lakini maji yanayotembea kwenye mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba, mengi yanatoka msituni.

REHEMA: Kwa hiyo anayejitolea afanye nini?

ELIA: Ashike udongo kwanza. Chukua chupa, mwaga maji kidogo kwenye ardhi iliyoungua vibaya. Yanajikusanya juu kama shanga, hayazami. Mvua kubwa ikinyesha hapo, udongo wote unateremka mtoni. Ndiyo maana, chini ya maelekezo ya watu wa hifadhi, mnalaza matawi yaliyoungua yakikingama na mteremko, mnaziba vinjia vilivyochorwa na buti za wapandaji. Ni kazi ya kuchosha, na haina picha nzuri ya kutuma kwenye simu.

REHEMA: Na zile njia za kuzuia moto, mikanda inayofyekwa ili moto usivuke.

ELIA: Kuzifyeka kabla ya kiangazi, kila mwaka. Hapo ndipo watu wanapungua, na inaniuma sana.

REHEMA: Ila miche nayo ina mahali pake, usiwakatishe tamaa akina mama wa vitalu.

ELIA: Ina mahali pake! Huku chini, kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji vilivyo mikononi mwa vijiji. Mringaringa, msesewe, miti ya kwetu. Ndani ya hifadhi hakuna kupanda miti bila idhini.

REHEMA: Hapo mimi nina langu. Jamani, chaneni kiriba, kile kifuko cha plastiki cha mche! Nimeona mche umefukiwa na plastiki yake. Mizizi inazunguka humohumo, mche unadumaa, halafu tunasema ardhi mbaya. Chana kiriba polepole, udongo usimwagike, udongo wa juu ndio utangulie shimoni. Na mpande mvua ikishakolea, sio siku ambayo mgeni rasmi ana nafasi.

ELIA: Kisha mtu apangiwe kupalilia, kwa jina. Kikundi kikitualika, swali langu la kwanza ni nani atarudi Januari kwenye jua kali.

REHEMA: Kuna msikilizaji wa Rongai anauliza kuhusu misindano, yaani misonobari, kwamba inakua haraka.

ELIA: Inakua haraka, kweli, na ina kazi yake kwenye mashamba ya mbao. Lakini majani yake yakikauka chini ni kuni tupu. Kwenye eneo lililoungua, ndugu yangu wa Rongai, usiipande.